Jinsi ya kutia giza kingoni mwa video bila mtazamaji kugundua

Vinyeti ni kule kufifia kwa mwanga kuanzia sehemu kuu ya picha kuelekea kingoni. Kazi yake ni kulivuta jicho la mtazamaji lifike unapotaka lifike, kisha likae hapo. Mimi huhariri zaidi video za mtu mmoja anayezungumza: mahojiano, mafundisho, ushuhuda. Katika kazi za aina hiyo sijapata nyenzo nyingine ndogo inayoibadilisha picha kwa kiasi hiki. Naomba niseme msimamo wangu mapema, maana yote yanayofuata yamesimama juu yake: vinyeti nzuri ni kazi ya kupanga mwanga, na kompyuta huja kumalizia tu. Mtu akianza kwa kujiuliza pembe zake ziwe nyeusi kiasi gani, anaishia na duara jeusi lililobandikwa juu ya picha, na kila mtu analiona. Anza kwa kujiuliza mwanga unatakiwa kuwa wapi.

Kwanza jua jicho linakwenda wapi

Kabla hujagusa taa wala programu, simamisha fremu moja na uitazame huku umefinya macho, mpaka mambo madogomadogo yapotee ubaki na mabaka ya mwanga na giza. Baka linalong'aa kuliko mengine ndilo litakalomvuta mtazamaji kwanza, na mara nyingi sana si uso wa mzungumzaji. Ni dirisha lililoko upande wa kulia, au karatasi nyeupe mezani, au mkono wa kiti uliopigwa na mwanga wa dari.

Uso una nguvu yake, kwa kuwa binadamu hutafuta uso wa mwenzake popote. Lakini uso wenye mwanga hafifu ukishindana na shuka jeupe lililoko ukingoni, macho ya mtazamaji yatakuwa yakienda na kurudi muda wote wa mazungumzo. Atachoka bila kujua kimemchosha nini.

Vitu vingine havihitaji vinyeti kabisa. Sogeza ile karatasi. Vuta pazia. Mwombe mzungumzaji ahamie kiti kisichong'aa. Dakika moja ya kuhamisha vitu inaokoa kazi ngumu ya kuvifunika baadaye, hasa kama kamera au mtu atakuwa anatembea.

Ijenge kwa taa

Hapa ndipo nataka ukae zaidi, kwa sababu vinyeti iliyotokana na taa halisi haina mipaka ya kushtukiza, haiharibiki video inapobanwa, na humfuata mtu jinsi mwanga wenyewe unavyomfuata.

Sheria inayokusaidia ni ya kinyume cha mraba wa umbali. Umbali kutoka kwenye taa ukiwa mara mbili, mwanga unaofika hubaki robo. Ukiwa mara tatu, hubaki sehemu moja ya tisa. Chukua chumba cha kawaida: taa iko mita 1 kutoka kwenye uso, na ukuta wa nyuma uko mita 3 kutoka kwenye taa hiyohiyo. Uso unapata mwanga mara 9 ya ule unaofika ukutani, yaani tofauti ya stopu 3 na kidogo, ambapo kila stopu moja ni kupungua kwa nusu. Sasa rudisha taa nyuma mpaka iwe mita 3 kutoka kwenye uso. Ukuta sasa uko mita 5 kutoka kwenye taa. Uso unapata mara 2.8 tu ya mwanga wa ukutani, karibu stopu moja na nusu. Mtu hakusogea, ukuta ni uleule, ila nusu ya tofauti yako imepotea kwa kuisogeza taa peke yake.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuileta taa karibu na mzungumzaji, mpaka inakaribia kuingia kwenye fremu, halafu upunguze nguvu yake ili uso usiungue, yaani usiwe mweupe tupu kwa mwanga kuzidi. Hesabu niliyotoa ni ya taa yenye chanzo kidogo. Softiboksi kubwa iliyo karibu (taa iliyofunikwa sanduku la kitambaa linalolainisha mwanga), au dirisha, hufifia taratibu zaidi ya hapo. Mwelekeo lakini ni uleule, na ndiyo maana mtu aliyekaa karibu na dirisha kwenye chumba kirefu huwa na vinyeti ya bure.

Hatua ya pili ni kuzima taa za dari. Taa za dari humwagia kila kitu mwanga sawa, kuta na meza na mtu, na ukiziacha zikiwaka hakuna umbali utakaokusaidia.

Ya tatu ni kuuzuia mwanga usifike usikotakiwa. Softiboksi nyingi hufungwa gridi ya kitambaa kwa mbele, na gridi hiyo huufanya mwanga uende mbele bila kutawanyika pembeni. Huna gridi? Simamisha kadibodi nyeusi au kitambaa cheusi kizito kati ya taa na ukuta. Ikiwa karibu na taa, kivuli chake ukutani kinakuwa na ukingo laini. Ikiwa karibu na ukuta, ukingo unakuwa mkali kama mstari. Kwa vinyeti tunataka laini, kwa hiyo iweke karibu na taa, kisha isogeze polepole huku ukitazama skrini ya kamera hadi pembe za juu za ukuta zianze kuzama. Na upande wa pili wa uso, ule usiopata taa, ukisimamisha kitambaa cheusi nje kidogo ya fremu, mwanga hautaruka kutoka kwenye ukuta mweupe ukarudi shavuni.

Baada ya hapo weka taa ndogo nyuma ya mzungumzaji, chini, isiyoonekana, ikielekea ukutani usawa wa mabega. Itachora doa la mwanga linalong'aa nyuma ya kichwa na kufifia kadiri linavyokwenda pembeni. Kwangu hiyo ndiyo vinyeti iliyo bora kuliko zote, kwa sababu mtazamaji anaiona kama sehemu ya chumba.

Jambo moja ambalo miongozo mingi huliruka. Mzungumzaji akiwa na ngozi nyeusi na nywele nyeusi, mbele ya ukuta uliotiwa giza, nywele na mabega humezwa haraka na uso hubaki ukielea. Hilo ni kosa la mwangaza, na mzungumzaji hastahili kulibeba. Pima mwanga kwa uso wake kwanza, mpaka uso uwe na uhai na ngozi ionyeshe mng'ao wake. Kisha weka taa nyuma yake, juu na pembeni, itoe uzi mwembamba wa mwanga kwenye nywele na bega. Uzi huo ukishaonekana, una ruhusa ya kutia ukuta giza unavyotaka, kwa kuwa umbo la mtu limeshatengana nao.

Lenzi yako nayo ina vinyeti yake

Kila lenzi hutia giza pembe kwa kiasi fulani. Sehemu ya sababu ni mwili wa lenzi wenyewe kuziba miale inayoingia kwa upande. Hiyo huonekana zaidi tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, na hupungua ukilibana stopu mbili au tatu. Sehemu nyingine hutokana na pembe ya mwale: kwenye lenzi sahili mwanga hupungua kwa kosaini ya pembe hiyo iliyozidishwa yenyewe mara nne. Mwale unaoingia kwa nyuzi 30 hubaki na asilimia 56 hivi ya nguvu ya ule wa katikati.

Nayataja haya kwa sababu mbili. Ya kwanza, yanakuonyesha vinyeti ya asili ina umbo gani: hufifia taratibu sana kuanzia katikati, kisha haraka zaidi kuelekea pembeni, na hakuna mahali inapoanza ghafla. Macho yetu yameizoea kupitia picha nyingi mno, na ukiliiga umbo hilo kwenye kompyuta hakuna atakayeshtuka. Ya pili, kama ulirekodi tundu likiwa wazi, pembe zako tayari zina giza, na vinyeti ya kompyuta itakaa juu yake. Angalia kwanza ulichonacho.

Wapo wanaoitumia tabia hiyo ya lenzi makusudi. Mpigapicha wa filamu Roger Deakins aliwahi kutumia lenzi zilizobadilishwa ili kingo za picha ziwe na giza na ukungu, na watu wa fani wakazipa jina la Deakinizer. Zamani zaidi, enzi za filamu zisizo na sauti, wapigapicha waliweka mbele ya lenzi iris, yaani kizuizi chenye tundu la duara, na kulibana au kulifungua tundu hilo kuuzunguka uso wa mwigizaji.

Kwenye kompyuta: chora mwenyewe

Programu karibu zote zina kichujio cha vinyeti kilicho tayari. Kina tatizo moja kubwa: kwa kawaida kitovu chake huwa katikati ya fremu, ilhali uso wa mzungumzaji aliyepangwa vizuri mara nyingi hauko katikati. Kichujio hicho kitaangaza nafasi tupu iliyo kando yake na kutia giza nusu ya kichwa chake. Ndiyo maana naichora mwenyewe.

Nitaeleza kwa DaVinci Resolve kwa sababu toleo lake la bure linatosha kabisa kwa kazi hii. Nenda ukurasa wa Color. Hapo marekebisho hupangwa kwa nodi, kila nodi ikiwa hatua moja. Nodi ya kwanza iwe ya kusawazisha picha: mwangaza, weupe, rangi ya ngozi. Usianze vinyeti kabla hujamaliza hapo, maana kila ukirekebisha mwangaza baadaye vinyeti itabadilika sura. Kisha bonyeza Alt na S kupata nodi mpya inayofuata. Kwenye Window chagua duara.

Lete duara usoni, kisha livute liwe yai linalochukua kichwa, mabega na kifua. Kama mtu huzungumza kwa mikono, chukua na mikono. Hakuna kinachoudhi kama mikono inayoingia na kutoka gizani. Usiogope sehemu ya yai kutoka nje ya fremu. Mzungumzaji akiwa upande wa kushoto, ukingo wa kushoto wa yai utapita nje, na giza lote litaangukia kulia ambako hakuna mtu. Hivyo ndivyo taa halisi ingefanya.

Sasa ongeza ulaini, ule ulioandikwa Softness. Ongeza kuliko unavyodhani inatosha. Mimi sitosheki mpaka eneo la mpito kutoka mwanga kwenda giza lichukue angalau theluthi ya upana wa fremu. Geuza duara ili marekebisho yaathiri nje yake, halafu shusha Gain, si Lift. Hapa usiharakishe. Lift husukuma chini zaidi yale ambayo tayari ni meusi, kwa hiyo koti jeusi na kivuli cha kiti hugeuka tope lisilo na umbo. Gain hupunguza kila kitu kwa uwiano, na hivyo ndivyo kitu huonekana taa inapopunguzwa. Anza kwa kuishusha Gain kutoka 1.00 hadi 0.80. Kwenye Rec. 709, kiwango cha rangi cha video za kawaida, hiyo ni takriban robo tatu ya stopu, na kwa mahojiano mengi sihitaji zaidi. Shusha na ukolezi wa rangi wa hapo nje kidogo, kutoka 50 hadi 42 hivi, kwa sababu kitambaa chekundu kilichoko ukingoni huvuta jicho hata kikiwa gizani.

Halafu ongeza nodi nyingine yenye yai dogo la uso peke yake, laini pia, na upandishe Gamma yake, ile inayogusa zaidi mwangaza wa kati, kidogo mno. Kushusha kingo kidogo na kupandisha uso kidogo hufanya kazi kubwa kuliko kushusha kingo sana, na hakuna upande unaoonekana kulazimishwa. Mzungumzaji akitikisika au kuinama, fuatisha yai hili dogo kwa kifuatiliaji cha programu. Lile kubwa mara nyingi halihitaji kufuatishwa.

Ukitaka kujua umefika wapi, tazama grafu ya mwangaza iliyoandikwa Waveform. Vinyeti nzuri hufanya grafu ipinde kwa upole, ikiinuka mahali uso ulipo na kushuka pande zote mbili. Ukiona bonde lenye ukuta wima, ulaini haujatosha. Kisha zima na uwashe nodi kwa Ctrl na D, mara kadhaa. Ikizimwa, picha ionekane imepoteza kitu. Ikiwashwa, usiione vinyeti. Ukiiona, punguza.

Kuna jaribio jingine ninalolipenda: iweke vinyeti hiyohiyo juu ya klipu ya kijivu tupu. Kwenye picha halisi vitu vya chumbani huficha kasoro, lakini juu ya kijivu utaona umbo lake lote, kama yai limekaa upande, kama kuna mstari, kama pembe moja imezidi.

Adui mkubwa wa hatua hii ni dirisha au anga jeupe lililo ukingoni. Nyeupe iliyoungua haina taarifa yoyote ndani yake, na ukiishusha inakuwa kijivu kichafu, na hapo mtazamaji anajua mara moja kwamba picha imeguswa. Tumia kichaguzi cha mwangaza kuyaondoa maeneo hayo kwenye athari, kwa mpaka laini, au bana fremu yatoke nje.

Kwa watumiaji wa Premiere Pro, paneli ya Lumetri ina sehemu ya Vignette yenye vitelezi vinne. Amount ikienda hasi inatia giza, na mimi sivuki -1.5. Midpoint huamua giza lianzie mbali kiasi gani na katikati, Roundness umbo, Feather ulaini. Haikuruhusu kuhamisha kitovu, kwa hiyo mtu akiwa pembeni tumia barakoa (Mask) ya yai kwenye Lumetri nyingine badala yake. Na iweke kwenye safu ya marekebisho iliyo juu ya klipu: ukiiweka kwenye klipu yenyewe kisha ukaikuza klipu, vinyeti nayo inakuzwa na kingo zake zinakatwa. Shotcut na Kdenlive, ambazo ni za bure, zina vichujio vyao vya kutosha.

Na kama una video nyingi za fremu ileile, mtu yuko katikati, na hutaki kufungua kihariri, FFmpeg, programu inayoendeshwa kwa amri za kuandika, inafanya kwa mstari mmoja:

ffmpeg -i ingizo.mp4 -vf vignette=PI/8 tokeo.mp4

Ninaiamini kwa sababu inafuata ileile kosaini mara nne niliyoieleza. Kwa PI/8 thamani za pikseli za kwenye pembe kabisa za fremu hubaki karibu asilimia 73. Usipoandika kipimo hutumia PI/5, inayoziacha asilimia 43 hivi, na hiyo kwangu ni nzito mno kwa uso unaozungumza.

Kamera ikitembea, watu wakiwa wawili, simu ikisimama wima

Kamera inapopita juu ya ukuta mweupe au anga, giza lililokaa pembeni bila kusogea huonekana kama uchafu kwenye lenzi. Kwa shoti hizo punguza nguvu kwa nusu au iondoe kabisa. Anga la buluu lenye pembe nyeusi ni alama ya haraka kuliko zote kwamba mhariri alizidisha.

Watu wawili wakikaa pande mbili za fremu, yai moja la katikati litaangaza meza na kuwatia wao giza. Chora mawili, moja kwa kila mtu, yaungane katikati, au acha kingo za kulia na kushoto kabisa na ushushe juu na chini tu.

Kwenye video ya wima, ya 1080 kwa 1920, kingo za pembeni ziko karibu sana na mashavu. Tia giza juu na chini, pembeni gusa kidogo. Chini ndiko maandishi hukaa, na giza hapo husaidia herufi nyeupe kusomeka. Ukiweka mistari myeusi ya sinema juu na chini, chora vinyeti kulingana na eneo linalobaki wazi, la sivyo sehemu yake kubwa itafichwa nyuma ya mistari.

Michirizi

Tatizo la mwisho hutokea baada ya kutoa video: giza lililokuwa laini kwenye kihariri linageuka ngazi za duara zinazoonekana ukutani. Video ya biti 8 ina viwango 256 tu kwa kila rangi. Ya biti 10 ina 1024. Ukuta usio na kitu, ukifika gizani, huenda ukabaki na viwango vichache vya kugawana upana wa nusu fremu, na kila kiwango kinakuwa ukanda. Mbano wa mitandao ya video hukazia zaidi, kwa kuwa hutupa taarifa za sehemu za giza kwanza.

Rekodi kwa biti 10 kama kamera yako inaweza. Kama haiwezi, ongeza chembechembe laini za filamu juu ya picha yote, baada ya nodi ya vinyeti, kiasi ambacho utakiona tu ukisogelea skrini. Chembe huvunja mipaka ya ngazi hizo. Kisha toa sekunde 20 za mahali penye giza zaidi, zipandishe mahali video itakapokaa zikiwa faragha, na uzitazame kwenye simu ndani ya chumba chenye giza, mwangaza wa skrini ukiwa juu. Ngazi zikionekana, ongeza chembe au rudisha Gain juu hadi 0.85, utoe tena zile sekunde 20 kabla ya kutoa video nzima.